Mpe Dogo Jina Kali, Ila Liandikwe Njia Moja Tu

Hii ni ya kila mshikaji anayesubiri kuitwa baba na kila sista anayehesabu wiki zake za kliniki. Katiza Mtaa wa Kongo, Kariakoo, muda ambao mzigo wa watoto umeshamwagwa chini: mabeseni, mataulo yenye kofia, soksi ndogo kinoma. Halafu simama kwa mafundi wa cheni na fulana za majina, sikiliza oda zinavyopigwa. "Kaka, andika Aaliyah. A mbili mbele, h mwisho." "Brayan, y iwe katikati, usiniwekee i." Dogo bado yuko tumboni, ila herufi zake zimeshapangwa.

Kitaa kimebadilika. Enzi za wazee, dogo alipewa jina la babu au la shangazi, karani akaliandika alivyolisikia, maisha yakasonga. Saa hizi mzazi wa mjini anataka jina lenye swaga. Khadija anakuwa Khadijah, Rayan anakuwa Rayyaan, Precious anakuwa Preshaz. Madingi wanamaindi, bi mkubwa anasema tunazingua. Mimi kwenye hili niko na wazazi vijana, kiroho safi. Jina ni zawadi ya kwanza ya mtoto na haidai mkwanja. Darasa moja la shule ya Ilala linaweza kuwa na kina Juma, Fatuma na Neema kibao, na herufi moja tu inatosha kumfanya wako ajulikane.

Na tusijifanye mchezo huu umeanza jana. Bongo tunachezea herufi kitambo. Omari amekuwa Omary mwenye y kwenye vyeti vya watu wengi sana. Kevin wa Wazungu huku kwetu ni Kelvin na hakuna anayeshangaa. Jacqueline ni Jackline. Mohamed, Mohammed, Mohamedi na Muhammad wanakaa mtaa mmoja na wanasalimiana fresh. Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, ana t mbili, na t hizo zilikuwa mgongoni kwake Wembley tarehe 1 Machi 2020 alipoifungia Aston Villa kwenye fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City.

Hata Kariakoo yenyewe ni jina la aina hiyo. Kipindi cha Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na kambi yao ikawa hapa. Midomo ya wenyeji ikaligeuza jina hilo, likaandikwa Kariakoo, na leo liko kwenye ramani, kwenye risiti na kwenye vioo vya daladala. Limesimama kwa sababu kila mtu analiandika hivyohivyo, o mbili mwisho.

Hilo ndilo neno langu kwako. Jina lenye herufi za ajabu linasimama likiandikwa njia moja kila sehemu. Likiandikwa njia mbili linageuka kimeo, hata kama ni Juma.

Herufi moja, vizazi vitatu

Sisi tunatumia majina matatu: la mtoto, la baba, la babu. Piga hesabu hapo. Ukimwandika dogo Rayyaan leo, mwanawe atalibeba Rayyaan katikati na mjukuu wake atalibeba mwishoni. Jina la kwanza unalochagua sasa hivi ndilo jina la ukoo la watoto ambao hutawaona. Kwa hiyo ile a ya ziada uliyoipenda kwenye simu usiku mmoja itasomwa shuleni, benki na ubalozini na watu ambao hawajazaliwa bado.

Na kuna upande ambao masela wengi wanausahau. Watu wanabishana wiki nzima kuhusu jina la mtoto, halafu jina la baba linatajwa kwa mdomo tu pale dirishani. Kama wewe ni Ramadhani kwenye cheti chako cha shule na Ramadhan kwenye kitambulisho cha taifa, dogo anarithi lipi? Noma inaanzia hapo, hata kabla ya hizo y na h. Nyoosha kwanza herufi zako, ndipo upange za mwanao.

Kaunta kwa kaunta

Fuata safari ya jina. Inaanza kwenye kadi ya kliniki, inaenda kwenye tangazo la kizazi unalopewa hospitali, kisha cheti cha kuzaliwa cha RITA, ambacho inabidi ukifuatilie ndani ya siku 90. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano kuna ule mpango ulioanza Mbeya 2013, usajili unaofanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo. Ni unyama sana, umewafikia watoto wengi ambao wasingepata cheti. Ila kumbuka kuna binadamu anayeandika na foleni iko nyuma yako. Ukimtajia "Qaylah" kwa mdomo, ataandika anachosikia, na anachosikia ni Keila. Hajakosea, umemnyima karatasi.

Baadaye mwalimu wa darasa la kwanza analiandika kwenye rejesta. Kutoka hapo linaenda Baraza la Mitihani, linatokea kwenye matokeo ya shule ya msingi, kisha kidato cha nne. Likishachapwa kwenye cheti cha kidato cha nne ni ngoma nzito kulirudisha nyuma. Dogo akitaka mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kama kimoja kina h na kingine hakina, anaanza mishemishe za hati ya kiapo: steshenari achape, kwa kamishna wa viapo apigiwe muhuri, arudi kwenye foleni. Kubadilisha jina lenyewe rasmi kunataka hati nyingine na msajili mwingine. Hela inatoka, siku zinapotea, na anayelipa ni mtoto ambaye hakuulizwa.

Kwa wana wa Kariakoo wanaofuata mzigo Guangzhou na Dubai hili halihitaji maelezo. Tiketi ya ndege lazima ifanane na pasipoti. Na ile mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine, kwa upande wa majina, inajua A mpaka Z tu. Ritifaa ya Ng'wandu inafutwa, doti na mapambo mengine hayaingii. Kwa hiyo kama unawaza kumwekea dogo alama juu ya herufi ili jina lionekane la Kifaransa, jua kwamba uwanja wa ndege haitakuwepo.

Jina linapotokea kwenye simu

Tangu ule usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao siku ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020, laini inasoma jina lililoko NIDA, wale wa kitambulisho cha taifa. Mteja yuko Mbeya, anataka kulipia bando la vitenge. Anaingiza lipa namba, jina linatokea kabla hajaweka namba ya siri. Fremu nyingi Kariakoo zimebandika ukutani namba pamoja na jina litakalotokea, ili mteja asishtuke. Mtu akikuta herufi tofauti na alizoambiwa anasita, anapiga simu, au anaghairi, maana matapeli wamemfundisha kuogopa. Hapo herufi ya jina ni mauzo. Dogo unayemwandika leo ndiye mwenye fremu wa kesho.

Swaga ina sehemu yake

Wasanii wetu walishaonyesha njia. Diamond Platnumz ana z inayong'aa jukwaani, ila jina lake halisi ni Naseeb Abdul Juma. Zuchu ni Zuhura Othman. Lady Jaydee ni Judith Wambura. Jina la jukwaani unalibadilisha ukichoka, hakuna foleni ya RITA. Jina la cheti unaishi nalo. Kwa hiyo kama una wazo la herufi kali kupita kiasi, lipe a.k.a. yake. Mwite hivyo nyumbani, liandike kwenye keki, lichonge kwenye cheni. Cheti kipe kile ambacho karani wa wilaya yoyote anaweza kukinakili bila kutetemeka.

Nchi nyingine serikali ndiyo inayokaba. Iceland wana kamati ya majina tangu 1991. California, Elon Musk na Grimes walipompa mtoto wao jina lenye namba 12 mwaka 2020, wakabadilisha kuwa Xii, sababu kule namba haziruhusiwi. Japani mwaka 2025 wameanza kudai usomaji wa jina uingizwe kwenye rejesta ya familia, ili wazazi wasiandike kitu kimoja na kukisoma kingine kabisa. Bongo hakuna kamati ya kukupitishia herufi. Uhuru ni wako, na mzigo ni wako pia.

Ramani yenyewe

Kwanza, lipeleke jina mtaani kabla hujalipeleka ofisini. Mtajie winga, bodaboda na mama ntilie, kila mmoja aliandike. Kisha waonyeshe ulivyoliandika wewe, walisome. Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo wakikwama wote, tatizo liko kwenye jina.

Pili, kama ni jina la Kiarabu, muulize ustaadhi kabla ya kugeuza herufi. Kiarabu kina k ya kawaida na nyingine ya kooni inayoandikwa q. Ukizibadilisha, neno la moyo linageuka kuwa mbwa. Usimbebeshe binti wa watu kosa la aina hiyo kwa sababu q inapendeza kwenye picha.

Tatu, tosheka na badiliko moja. Khadijah lina h moja ya ziada, linabebeka. Qhadeejjah linamchosha mtoto kabla hajaanza chekechea.

Nne, kubalianeni wazazi wote wawili, na mmoja asiende kusajili peke yake na toleo lake. Shangazi na bibi waambieni mapema, maana wao ndio wanaompeleka kliniki mkiwa kazini.

Tano, andika majina yote matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi, tembea nayo. Kliniki itoe, RITA itoe, siku ya kuandikisha shule itoe. Karani akikurudishia fomu, isome herufi kwa herufi hapohapo dirishani, hata kama foleni inapiga kelele. Ukikuta kosa, sema kwa heshima lirekebishwe kabla hujaondoka.

Mzazi mwenzangu, herufi ni zako, chagua unazozipenda. Ila ukishachagua, zilinde mpaka dogo awe na akili ya kuzilinda mwenyewe.