Sultani Hamad: Je, Aliuawa na Jamaa Yake?

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki ghafula huko Unguja Sultani Hamad bin Thuwaini, ambaye bendera yake nyekundu ilitambulikana mwambao wote, Waa na Gasi zikiwamo. Papo hapo binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia jumbani na kujitangaza Sultani. Watu wakanong'ona kwamba Hamad amelishwa sumu.

Wanaomshuku Khalid husema kwamba alikwisha jaribu kukitwaa kiti mwaka 1893, na kwamba maiti ilizikwa siku ile ile. Wanaomtetea hujibu kwamba kuzika upesi ni ada ya Waislamu. Tena anayefaidika na kifo si lazima awe ndiye mwuaji.

Shauri hilo halikupata kuamuliwa na kadhi wala hakimu. Tarehe 27 manowari za Kiingereza zililipiga jumba kwa mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Watu wapatao 500 wakauawa au kujeruhiwa, na Hamoud bin Muhammad akatawazwa. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akakamatwa na Waingereza mwaka 1916, akafariki Mombasa mwaka 1927. Alinyang'anywa kiti, lakini hakuthibitishiwa kosa la kuua. Dhana, hata ikienea pwani nzima, si ushahidi.