Je, Wajua? Tableti au Laptopu, Mfuko Ukiwa Mwembamba

Je, wajua kwamba tableti yenye RAM ya GB 4 ina kumbukumbu mara milioni 1 ya ile ya kompyuta iliyowashusha wanadamu mwezini mwaka 1969? Ile ya Apollo ilikuwa na KB 4 tu! Nawe, mwenzangu wa Mariakani, umesimama dukani ukinung'unika kwamba GB 4 ni kidogo. Ni kidogo kweli kwa kazi za leo, lakini shangaa kwanza.

Wajua tableti iliwazwa lini? Mwaka 1972, Mmarekani Alan Kay aliandika juu ya kompyuta bapa ya watoto, ya kubebwa kama daftari, akaiita Dynabook. iPad ya kwanza ilifika madukani Aprili 2010. Piga hesabu mwenyewe: miaka 38 ya kungoja!

Na laptopu je? Osborne 1, kompyuta ya kubeba iliyotoka mwaka 1981, ilikuwa na kilo 11. Skrini yake ilikuwa inchi 5, ndogo kuliko ya simu iliyo mfukoni mwako! Betri haikuwa nayo, na bei ilikuwa dola 1,795.

Mwaka mmoja baadaye ikaja GRiD Compass, laptopu ya kujikunja. Shika kiti: dola 8,150! NASA ikaipeleka angani. Miaka ikapita, ThinkPad nazo zikapanda hadi kituo cha kimataifa cha anga za juu, na ndugu za ThinkPad hizo ndizo unazozikuta leo kwa wauza mtumba wa Mombasa.

Na uzito je? Mizani ya Mariakani waijua. Hakuna dereva wa lori wa barabara ya Nairobi asiyeijua. Kikomo cha lori la ekseli 7 katika Afrika Mashariki ni tani 56, gari na mzigo wake. Tableti ya inchi 11 ni kama nusu kilo, kwa hivyo ungehitaji 112,000 kufikia kikomo hicho! Laptopu za kilo 2 zingefika hapo zikiwa 28,000 tu.

Ngoja, usishangilie bado. Ivishe tableti jalada lenye kibodi na uzito waweza kukaribia maradufu. Tena kibodi mara nyingi huuzwa kando, kalamu kando, jalada kando. Bei uliyoionea raha kwenye kibandiko ni ya kioo peke yake!

Wajua inchi za skrini hupimwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe? Ndiyo maana inchi 11 na inchi 15.6 huonekana zimekaribiana. Eneo lenyewe sasa: inchi za mraba 54 kwa tableti, 104 kwa laptopu. Karibu mara mbili!

Hili utalipenda. Mwaka 2013 watoto wa darasa la kwanza nchini Kenya waliahidiwa laptopu. Mradi ulipoanza mwaka 2016, walichopata ni tableti! Zaidi ya vifaa milioni 1 viligawiwa katika shule za msingi zaidi ya 20,000.

Na walimu wao? Wao walipewa laptopu! Mtoto anagusa, anatazama, anasikiliza. Mwalimu anaandaa somo na kupanga alama. Shule ileile, bajeti ileile, vifaa viwili tofauti.

Wakumbuka usiku wa tarehe 24 Agosti 2019? Ulihesabiwa kwa tableti! Ndiyo sensa ya kwanza Kenya iliyoachana na fomu za karatasi, ikapata watu 47,564,296 nchi nzima. Kaunti ya Kilifi peke yake ilitoa 1,453,787, nawe ukiwa mmoja wao. Watanzania nao wakahesabiwa kwa tableti Agosti 2022.

Uchaguzi nao una kisa chake. Kuelekea kura ya 2013, wapiga kura waliandikishwa kwa laptopu zilizopakiwa kwenye masanduku, seti 15,000. Kufika 2017, kidole chako kilitambuliwa kwa tableti, seti 45,000! Waona mambo yanavyokwenda? Kazi ya kusimama na kuzunguka imehamia kwenye tableti.

Waogopa laptopu itakumalizia tokeni? Uniti moja ya stima ni wati-saa 1,000. Betri ya tableti ni kama wati-saa 30, ya laptopu kama 50. Hata ukitoa inayopotea njiani, uniti moja yajaza tableti zaidi ya mara 25 na laptopu kama mara 16!

Yaani, uniti ikiwa shilingi 30, kujaza laptopu hakufiki hata shilingi 2. Stima si sababu ya kuikimbia laptopu, ndugu yangu. Pasi na birika la umeme ndizo za kulaumiwa.

Treni ya SGR inayosimama vituoni, ile inayokupakia Mariakani, huchukua karibu saa 6 kati ya Mombasa na Nairobi. Apple imeahidi saa 10 za betri kwa iPad tangu 2010, na bado yaahidi hivyo hivyo. Laptopu ya mtumba yenye betri iliyochoka yaweza kukuaga kabla hujaiona Voi!

Lakini wajua Windows yenyewe itakufichulia siri ya betri hiyo? Pale pale dukani, fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Utapewa ripoti yenye namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, una haki ya kuomba bei ishuke!

John Goodenough, mmoja wa waliotupa betri za lithiamu, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 akiwa na miaka 97. Hakuna aliyewahi kuipata akiwa mzee zaidi! Betri zenyewe zachukia joto. Apple yashauri iPad itumike kwenye nyuzi 0 hadi 35. Sasa fikiria dashibodi ya matatu adhuhuri ya Februari.

Shika hili vizuri, linaokoa pesa. Word na Excel za Microsoft kwenye tableti huruhusu kuhariri bure ikiwa skrini haizidi inchi 10.1. Skrini ikizidi hapo, Microsoft yataka malipo ya kila mwezi au ya mwaka! Tableti kubwa yaweza kukugharimu mara mbili: leo dukani, na kila mwezi mtandaoni.

Una mtoto anayejiandaa kwa KCSE ya somo la Kompyuta? Mtihani huo una karatasi ya vitendo inayofanywa mbele ya kompyuta, hifadhidata ikiwemo. Programu ya Access ya Microsoft haipo kwenye Android, haipo kwenye iPad, wala kwenye Mac! Tableti ya aina hizo, hata iwe ya bei gani, haitamfundisha Access.

Wafanya kazi ya saiba, au wawajazia watu ritani za KRA? Fomu ya Excel ya iTax ina makro ndani yake: wajaza, wabonyeza Validate, nayo yakutolea faili la kupakia. Excel ya tableti za Android na iPad haiendeshi makro! Kitufe kimoja tu, na tableti yako ya elfu hamsini imekwama.

Sasa twende kwa mtumba. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11, nayo, kwa prosesa za Intel Core i3, i5 na i7 kwa kawaida huanza rasmi kwenye kizazi cha 8. Wauzaji walikuwa na shehena tele za kizazi cha 6 na 7!

Utajuaje kizazi? Soma namba ya prosesa, tarakimu inayofuata kistari, au mbili za kwanza kuanzia kizazi cha 10. i5-7300U ni kizazi cha 7. i5-8350U ni cha 8. Tarakimu moja tu, nayo ndiyo inayoamua kama mashine yako ina miaka mbele au ina miaka nyuma!

Na usiitupe ya kizazi cha 7 ukiwa nayo tayari. Ubuntu, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, waifaa sana. LibreOffice nayo ni bure, hata skrini ikiwa inchi 17! Na kuna la kujivunia: mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili, ikaitwa Jambo.

Diski ya mtindo wa zamani huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Hizo ni mara 90 kila sekunde, huku kichwa chake cha kusomea kikielea nanomita chache tu juu ya sahani! Sasa ipande boda boda kwenye njia ya makorongo ikiwa imewashwa. SSD, diski ya mtindo mpya, haina kinachozunguka. Ukiweza, usikubali laptopu isiyo nayo.

Jihadhari na laptopu mpya inayong'aa yenye hifadhi ya GB 64. Windows 11 yadai angalau GB 64 ndio ikubali kukaa, na hifadhi ya aina hiyo mara nyingi imechomelewa kwenye bodi! Masasisho yakianza kuja, hutapata pa kuyaweka. Hapo ndipo wahenga waliposema rahisi ni ghali.

Lakini kwa kusoma tu, GB 64 ni bahari. Biblia nzima ya maandishi matupu haizidi sana MB 5. Maktaba ya vitabu 10,000 vya unene huo ingekaa kwenye GB 50! Mwanafunzi wa kusoma, au mzee wa kusoma magazeti, hana haja ya kuangusha pesa kwenye laptopu.

Wajua tableti yakubali kipanya? Android imekikubali tangu 2011. iPad ikakawia kukikubali kikamilifu hadi Machi 2020! Chomeka kwa waya au unganisha kwa Bluetooth, na kishale hicho kwenye skrini.

Samsung ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 ilileta DeX, mpangilio unaoigeuza skrini kuwa ya kompyuta ya mezani, madirisha na mwambaa wa chini. Haiko kwenye za bei ghali tu: Galaxy Tab A9+ ya inchi 11 inayo, Tab A9 ndogo haina. Alama moja ya kujumlisha, tofauti yote hiyo!

Hata wakubwa hujikwaa kwenye uchaguzi huu. Mwaka 2012 Microsoft ilitoa Surface RT, tableti yenye sura ya laptopu lakini isiyoendesha programu za zamani za Windows. Mwaka uliofuata ikajiandikia hasara ya dola milioni 900! Sura ya kompyuta ya mezani haiipi tableti programu za kompyuta ya mezani.

Waya wa intaneti wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka 2009 ukitoka Fujairah, kilomita kama 5,000 chini ya bahari. Mariakani haifiki kilomita 40 kutoka Mombasa! Lakini laptopu nyingi hazina tundu la laini, na tableti kadhaa ni za Wi-Fi tu. Uliza kabla ya kulipa, si baada.

Wataka kulipa kidogo kidogo? Mpango wa Safaricom wa Lipa Mdogo Mdogo wa mwaka 2020 uliwapa watu simu kwa shilingi 20 kwa siku. Ishirini kila siku ni 7,300 kwa mwaka! Chochote utakachokopeshwa, zidisha malipo kwa siku zote, ndipo useme ni rahisi.

Haya, hukumu ni hii. Kazi yako ikiwa ya kusimama, kusoma, kutazama, kuorodhesha wateja au kutia sahihi, nunua tableti wala usijute. Ikiwa ya kukaa na kuandika, ritani, hesabu, mtihani au tasnifu ya Chuo Kikuu cha Pwani, tafuta laptopu ya mtumba: kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya GB 8, SSD, na ripoti ya betri umeisoma kwa macho yako. Na kabla hujatoa hata shilingi, dadangu, kakangu, omba iwashwe, uchape sentensi mbili, ufungue ile programu moja unayoihitaji kweli. Ikikataa kufunguka dukani, haitafunguka nyumbani.