Kamalondo wakati wa vita ya 40-45: risasi hazikutoka kwa Wajerumani

Siku ya mechi, njia nyingi za Kamalondo zinajaa watu wanaoelekea kwenye kiwanja cha TP Mazembe. Wanaimba, wanapiga filimbi, na kisha mechi wanarudi usiku bila mutu kuwauliza karatasi. Miaka zaidi ya 80 iliyopita, muji huu ulikuwa na sheria nyingine. Na ni kwenye kiwanja kingine cha mupira, kile cha kambi ya watumikaji wa Union Minière, ndipo vita ya dunia iliua watu hapa Lubumbashi.

Tarehe 10 Mei 1940, Ujerumani iliingia Ubelgiji, na siku 18 kisha pale jeshi la Ubelgiji likaweka silaha chini. Lakini Kongo ilibaki upande wa Uingereza. Gavana mukubwa Pierre Ryckmans aliamuru koloni yote itumike kwa ajili ya vita. Shaba ya Katanga ilihitajika kwa silaha. Hata urani ya Shinkolobwe ilipelekwa Marekani, na ikaingia katika kazi ya kutengeneza bomu la atomiki.

Wakati ule Kamalondo iliitwa cité Albert, na muji uliitwa Elisabethville. Uwanja mutupu ulitenga cité na muji wa wazungu. Usiku, mutu mweusi hakuruhusiwa kutembea mujini bila karatasi ya bwana wake. Sheria hiyo ilikuwako mbele ya vita, lakini vita iliongeza muzigo juu yake. Vitu kutoka Ulaya vilikuwa haba, bei ya nguo ilipanda, na mushahara haukufuata. Kazi ndiyo iliongezeka.

Vijijini ilikuwa vilevile. Mwaka wa 1942, siku za kazi ya lazima zilipandishwa kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka. Watu walilazimishwa kulima na kutafuta mupira wa porini. Aliyekataa aliingia gerezani ao alipigwa fimbo.

Mu Desemba 1941, watumikaji weusi wa Union Minière walichoka. Mugomo uliwaka kwanza upande wa Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, na watu wakauawa kule. Kisha ukafika Elisabethville. Hawakuomba uhuru wa inchi. Waliomba mushahara unaoweza kulisha jamaa.

Tarehe 9 Desemba, wagomaji walikusanyika kwenye kiwanja cha mupira. Liwali wa jimbo, Amour Maron, alikuja na askari, akawaambia warudi kazini. Léonard Mpoyo, karani aliyesema kwa niaba ya wenzake, alikataa. Wanaosimulia habari hiyo wanasema Maron mwenyewe alimupiga risasi, na askari wakafyatulia watu wote waliokuwa pale. Hesabu ya waliokufa haipatani mpaka leo: wakubwa wa koloni walihesabu makumi kazaa, wengine wanasema walipita 100.

Serikali iliona kugoma wakati wa vita kuwa ni kusaidia adui. Lakini waliouawa ndio waliochimba na kuyeyusha shaba iliyopiganisha adui huyo. Watumikaji weusi waliruhusiwa kuunda sendika mwaka wa 1946, vita ikiwa imekwisha.

Watu wa Lubumbashi hawakungoja vitabu vya shule ili kuikumbuka siku ile. Mwaka wa 1965, André Yav aliandika historia ya muji kwa Kiswahili cha hapa hapa, kwa niaba ya wazee waliotumika boyi katika nyumba za wazungu. Mu miaka ya 1970, mupiga picha Tshibumba Kanda Matulu alichora mauaji ya Union Minière kwa rangi. Picha za namna hiyo zilitundikwa katika nyumba za watu, pale ambapo wageni wanakaa na watoto wanauliza: ‘Baba, hawa wamelala chini ni nani?’