Ugali hauna kosa, tumeuza mboga yake!

Wiki hii naomba tuongee mambo ya tumbo. Huku kwetu Nambilanje, wilayani Ruangwa (wazee wengine bado wanasema Nachingwea, maana zamani tulihesabiwa huko), umezuka ubishi mkali kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kuna ujumbe unazunguka kwenye simu, eti mahindi ni wanga mtupu wa kuleta maradhi, na soya ndiyo balaa zaidi: mwanaume akiinywa kwenye uji, nguvu kwisha na kifua kinavimba kama cha mwali! Nilimsikia kwa masikio yangu baba mmoja akimfokea mkewe airudishe soya dukani. Mama wa watu kasimama na ndoo yake, mtoto mgongoni, hajui ashike lipi.

Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini jambo likinikera huwa siliachi. Nimeuliza, nimesoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hilo la wanaume, maana najua ndilo mnalolisubiri. Ni kweli soya ina vitu vya mimea vinavyofanana kidogo na homoni ya kike, na uvumi ulichipukia hapo. Lakini watafiti waliokusanya majaribio mengi pamoja, mwaka 2010 na tena 2021, hawakuona homoni ya kiume ikishuka kwa wanaume wanaokula soya. Halafu jamani, Wachina wamekula soya karne na karne, na leo wanapita bilioni moja. Hao watoto waliwapata wapi?

Tena soya si mgeni huku kusini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga kule Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waling'oa visiki kwa matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara. Januari 1951 mradi ukafutwa, umeshakula takriban paundi milioni 36. Lakini wataalamu wa kilimo hawakuondoka wote. Miaka ya 1950 na 1960 pale pale Nachingwea walikuwa wakizalisha mbegu za soya. Kwa hiyo anayesema soya ni kitu cha juzi cha Wazungu wa kwenye simu, akaulize wazee.

Kwa chakula, soya ni tajiri. Kwenye gramu 100 za soya kavu kuna protini kama gramu 36. Mahindi yana kama 9. Mbaazi zina zaidi ya 20, karanga kama 25.

Sasa mahindi. Hapa pana kisa kikubwa na nakuomba unisikilize vizuri. Mahindi yalitoka Mexico, na wenyewe kule tangu kale huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Wala si mbwembwe. Ndani ya mahindi kuna vitamini moja ya kundi B, niasini, ambayo imefungwa kiasi kwamba tumbo haliwezi kuifungua, na chokaa ndiyo ufunguo wake. Mahindi yalipovuka bahari kuja kwetu, mbegu ilifika lakini ufunguo ukabaki kule. Mtu akila mahindi tupu miezi na miezi, anaweza kupata pelagra: ngozi ya shingo na mikono inakuwa nyeusi na kukwaruza pale jua linapopiga, anaharisha, mwishowe akili inavurugika. Inaua.

Usidhani ni hadithi za mbali. Majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma, Wamakonde na Wamakua wenzetu wengine wakiwemo, walikimbia vita Msumbiji. Mamia ya maelfu ya Wasumbiji walikimbilia Malawi, wakaishi kwa mgawo wa mahindi, na karanga zikiwa kwenye mgawo huo. Mwaka 1989 karanga zikakatika. Mwaka 1990 wagonjwa wa pelagra zaidi ya 17,000 wakahesabiwa kwenye makambi. Mahindi yalikuwepo. Kilichokosekana ni karanga! Maana karanga zina hiyo niasini, nazo hazijaifunga.

Ndiyo maana nasema mahindi hayana kosa lolote, kosa ni kuyala peke yake. Protini yake ina pengo, na pengo hilo hilo linazibwa na kunde, mbaazi, soya au karanga. Bibi zetu hawakusoma haya popote, lakini walitia karanga kwenye kisamvu na kwenye majani ya kunde kila walipoweza.

Sisi je? Tunalima mbaazi, karanga, ufuta, korosho. Vyote hivyo vinaingia kwenye magunia na kupelekwa mnadani. Ndani kinabaki kiroba cha sembe na matembele ya kuchemsha kwa chumvi. Silaumu mtu, ada na sare hazilipwi kwa mbaazi za kuchemsha. Lakini mnakumbuka mwaka 2017, India walipoweka kikomo cha mbaazi na bei ikaanguka vibaya? Watu walilia, na mimi nyumbani kwetu tulilia. Ila mwaka ule tulikula mbaazi mpaka tukazikinai.

Na kama unadhani shibe inatosha, tazama Iringa. Ni ghala la mahindi la nchi hii, lakini upimaji wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano kule wamedumaa. Taifa zima ni 30 kwa kila 100. Ugali upo, mtoto hakui.

Tena tunachagua unga kwa weupe! Sembe inang'aa kwa sababu kiini na pumba vimeondolewa, na humo ndimo mlimokuwa na mafuta, madini ya chuma na vitamini B nyingi. Dona linabaki nazo. Wazee wanaukumbuka unga wa Yanga, ule wa njano wa enzi za njaa, walivyoudharau. Kumbe ile rangi ya njano inaupa mwili vitamini A, ambayo mahindi meupe hayana.

Sipaki rangi, hatari ipo moja ya kweli: sumukuvu. Ni sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa mbichi au kuanikwa chini kwenye udongo. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo ile tabia ya kusema "hizi zimeoza, tutie kwenye pombe" au "zisage za uji wa mtoto" ikome. Anika kwenye turubai, chambua, zilizosinyaa na zenye ukungu tupa mbali, hata kuku wasipewe.

Kwa yule mama wa foleni, na wengine wenye soya ndani: usiisage mbichi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaokiua. Ichemshe kwanza, iume meno kidogo tu, uianike ikauke kabisa, ndipo uikaange na kuisaga. Dona liwe jingi, soya kidogo, karanga safi zilizokaangwa kiganja kimoja au viwili. Saga ya wiki mbili tu, maana ina mafuta na huchacha upesi, hasa huku kwetu kwenye joto.