Mashini ya misumari midogo: likelemba yetu iinunue?

Kikundi cha karakana kinauliza kama pesa ya likelemba inunue mashini ya batri inayopiga misumari myembamba. Tuliazima moja kwa fundi, tukaijaribu. Hili ndilo jibu letu.

Msumari wake una unene wa milimita 0.6 hivi na hauna kichwa. Tundu lake karibu halionekani, na ubao mwembamba haupasuki ovyo kama kwa nyundo. Haihitaji kompresa wala mpira wa hewa. Chaji batri wakati umeme wa SNEL uko; ukikatika, kazi inaendelea.

Lakini msumari usio na kichwa haubani mbao kwa nguvu. Unazishika tu mpaka gundi ikauke. Kwa kadre za picha na mapambo ya kabati, unafaa. Kwa kitanda, kiti ao mulango, hapana: tumieni skurubu.

Mbele ya kutoa pesa, hakikisheni mambo matatu:

1. Batri na chaja ziko ndani ya bei.
2. Misumari yake inauzwa hapa Lubumbashi. Bila misumari, mashini ni chuma tu.
3. Pigeni misumari 20 kwenye mbao ya mulombwa. Ikibaki nje, muiache.

Vaeni miwani, vidole vikae mbali, na batri itolewe kila mara msumari unapokwama. Watoto wasiiguse.

Shauri letu: tafuteni kwanza duka la misumari. Likikosekana, pesa ibaki katika likelemba.