Jaribio la Sinema ya Elimu la Vugiri

Jaribio la Sinema ya Elimu la Vugiri lilikuwa mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa vijijini, ulioendeshwa Tanganyika kuanzia mwaka 1935 hadi 1937. Makao yake yalikuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ambayo leo iko katika Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga. Kwa kifupi cha Kiingereza mradi huo huitwa BEKE.

Wazo lilitoka kwa J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na sehemu kubwa ya fedha ilitolewa na Carnegie Corporation ya Marekani. Upigaji wa filamu ulisimamiwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kuwa meneja wa mashamba ya mkonge na kuwapigia filamu wafanyakazi wake. Upande wa elimu ulikuwa wa G. C. Latham, aliyetoka Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia).

Filamu

Zilitengenezwa filamu 35 hivi, kuhusu safura, malaria ya watoto, mmomonyoko wa udongo, kilimo cha kahawa, kodi na mengineyo. Picha zilipigwa bila sauti. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, hivyo filamu moja iliweza kusemeshwa Kiswahili mahali pamoja na lugha nyingine mahali pengine. Lori lilibeba mitambo hadi vijijini katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland (sasa Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini.

Waigizaji walikuwa wenyeji, si watu wa kazi hiyo. Katika filamu kuhusu benki ya akiba ya posta, mtu mmoja anafukia fedha zake nyumbani na mwizi anazichukua, ilhali mwenzake aliyeziweka benki yuko salama. Hadithi ni nyepesi, lakini mtazamaji wa leo atauliza ni nani aliyeamua kwamba mfukiaji ndiye mjinga. Miswada iliandaliwa chini ya Wazungu, na Mwafrika alipewa zaidi nafasi ya kuigiza, kutafsiri au kusaidia kazi za mitambo.

Swali hilo si la Usambara peke yake. Filamu bubu ya Robert Flaherty, *Nanook of the North* (1922), inayoonyesha familia ya Wainuit huko Kanada, ilisifiwa kama hali halisi, ingawa mambo kadhaa yalipangwa: mhusika mkuu aliitwa Allakariallak, si Nanook, na nyumba ya theluji ilijengwa nusu wazi ili kamera ipate mwanga. Tofauti ni kwamba Flaherty alipiga picha za Wainuit kwa ajili ya watu wa mbali. Vugiri ilipiga picha za Waafrika ili Waafrika wenyewe wazitazame.

Mwisho wa mradi

Fedha za Carnegie zilipokwisha, serikali za makoloni hazikukubali kuuendeleza. Notcutt na Latham walichapisha ripoti yao mwaka 1937. Filamu nyingi zimepotea. Miongoni mwa chache zilizosalia, ambazo zimehifadhiwa Uingereza, ni ile ya safura na ile ya mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.