Audrey Flack, Fundi wa Picha na Sanamu

Leo tutazungumza habari za mwanamke mmoja wa Marekani, jina lake Audrey Flack. Alizaliwa mjini New York mwaka 1931, akafa mwaka 2024.

Alijifunza kuchora katika shule ya Cooper Union, kisha katika Chuo Kikuu cha Yale, akamaliza mwaka 1952. Mwanzoni picha zake zilikuwa za rangi tupu, hazina sura ya mtu wala ya kitu. Baadaye alitaka kuchora vitu kama vilivyo, hata mtazamaji adhani ni picha ya kamera.

Alifanyaje? Mwaka 1969 alianza kuchora picha ya jamaa moja, mume, mke na watoto. Alitia picha ya kamera katika mashine yenye taa. Taa iliitupa picha juu ya kitambaa kilichowambwa, naye akaifuata kwa rangi. Wako waliosema kwamba kazi ya namna hii ni kunakili tu. Lakini mashine haichagui kitu cha kuchora, wala haichanganyi rangi. Hayo ni kazi ya fundi.

Wenzake karibu wote walikuwa wanaume, nao walichora motokaa na maduka. Yeye alichora vitu vya wanawake: kioo, manukato, rangi ya mdomo. Wengine walividharau. Hakujali. Mwaka 1977 alichora picha ya futi 8 kwa futi 8, kuhusu Marilyn Monroe, mwigizaji wa sinema aliyekufa mwaka 1962. Kando ya sura yake mna saa, matunda na mshumaa unaowaka. Maana yake, uzuri hupita na maisha hupita.

Basi, alipokaribia miaka 50, jina lake limekwisha enea, aliweka brashi chini akaanza kujifundisha kutengeneza sanamu. Alifinyanga kwa udongo, kisha sanamu zikatiwa katika shaba. Sanamu zake 4 kubwa ziitwazo Civitas zilisimamishwa mwaka 1991 huko Rock Hill, South Carolina. Uzeeni alirudi tena kuchora.

Wanafunzi, angalieni: fundi mwenye sifa alikubali kuwa mwanafunzi tena. Elimu haina mwisho.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Mashine yenye taa ilifanya kazi gani?
2. Mshumaa na saa vina maana gani?
3. Je, kufuata picha ya kamera ni kunakili tu? Toeni sababu.